Sarafu Zilizotoka Ndani ya Kahawa

Mnada wa Sikukuu ya Mavuno ulipofika kwenye debe la maharage, Mzee Eliamini Njau alipiga makofi pamoja na watu wengine. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele nje ya kanisa, huko Old Moshi, fimbo yake ikiwa katikati ya magoti. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia lilimwonyesha watu kana kwamba anawatazama kupitia glasi ya maziwa yaliyotiwa maji. Debe lenyewe aliliona kama doa jeupe likipita mikononi mwa mzee wa kanisa.

"Maharage ya mbegu, wapendwa! Yamechanganywa na majivu, hayana hata mdudu mmoja!" mzee wa kanisa alinadi. "Elfu ishirini, mara ya kwanza! Jamani, mbona mmenyamaza? Mnamtolea Bwana au mko soko la Kiboriloni mnasubiri bei ishuke?"

Watu walicheka.

"Ishirini na nane!" ilisema sauti ya mwanamke mgeni.

"Yamekwenda Holili! Mama, ukifika mpakani usiwaambie Wakenya kwamba tumekuuzia bei ya bure."

Eliamini alimgeukia mkewe, Beatrice, aliyekuwa amekaa kando yake. "Mama Praygod, hayo maharage ni mazuri. Ya nani?"

Beatrice alikuwa akitazama viatu vyake. "Ya mtu tu," alijibu.

Eliamini aliridhika na jibu hilo. Hakujua kwamba chini ya maharage yale zilikuwamo sarafu zake mia mbili na kumi na mbili. Beatrice naye hakujua.

Eliamini aliingia katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, akapangiwa mashine ya kutoa mawe. Kahawa ilishuka kutoka milimani ikiwa bado na ganda lake la ndani, na kila gunia lilikuja na vitu vilivyoangukia kwenye vichanja vya kuanikia: kokoto, misumari, vifungo vya shati. Mashine iliitikisa kahawa juu ya wavu huku upepo ukipuliza kutoka chini. Kahawa, kwa kuwa ni nyepesi, ilielea na kwenda upande wake. Vitu vizito vilipanda upande wa pili na kudondoka ndani ya kopo. Kazi ya Eliamini ilikuwa kulimwaga kopo hilo.

Mwezi wake wa tatu kazini, kopo lilitoa sauti tofauti. Ndani yake alikuta heller moja ya Wajerumani, nyeusi, yenye taji upande mmoja. Aliipeleka nyumbani kwa furaha, akaisugua kwa limao na majivu mpaka ikang'aa kama pete ya bibi harusi. Asubuhi yake alipoitazama juani aliona taji limekuwa jembamba na baadhi ya herufi zimefifia. Weusi ule alioutoa ndio uliokuwa umeilinda sarafu kwa zaidi ya miaka sitini. Tangu siku hiyo hakusugua sarafu nyingine. Alizishika kwa kingo zake, kwa mikono mikavu, na hakumruhusu mtu kuzipulizia hata pumzi.

Kadiri miaka ilivyopita, kopo lilimletea nyingine. Zilikuwapo senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu. Zilikuwapo shilingi za mfalme zenye simba aliyesimama mbele ya milima, na senti za baada ya Uhuru zenye samaki, mbuni na sungura. Wafanyakazi wenzake walimwita Bwana Mawe.

"Bwana Mawe, leo umevuna ngapi?"

"Moja. Imetoka Kilema."

"Na sisi je, tutajengewa ghorofa lini?"

Msimamizi alikuwa mtu wa kucheka, akamwambia kwamba kinachoingia kwenye kopo la mawe ni mawe, na mawe hayana mwenyewe.

Sarafu zenyewe hazikuwa za thamani kubwa. Senti za tundu zipo nyingi katika vikapu vya bibi zetu. Lakini kila gunia lilipigwa namba ya chama cha msingi cha wakulima kilichouza kahawa ile, na kahawa ya kila chama ilipita mashineni peke yake. Kwa hiyo Eliamini alijua kila sarafu ilikoanguka. Alikata karatasi ndogo, akaandika kwa mwandiko wa shule ya msingi, akaitia karatasi pamoja na sarafu ndani ya kipakiti cha nailoni, kile cha kufungia karanga. "Kilema. 6 Novemba 1983. Mvua tangu asubuhi." "Old Moshi. 20 Desemba 1990. Ilikuwa na kipande cha uzi." Kimoja kilisomeka hivi: "Mwika. 12 Januari 1986. Imetoka na msumari na jino la mtoto." Jino lile nalo alilitia ndani ya kipakiti, kwa sababu hakuona haki kulitenga na sarafu yake.

Alistaafu mwaka 2009. Alikuwa amekusanya mlima mzima, kuanzia Machame mpaka Usseri, na ungeweza kuushika kwa mikono miwili.

Mwanawe wa mwisho, Praygod, alijifunza kusoma kwenye karatasi zile kabla hajaanza shule. Walikaa barazani, baba akifungua vipakiti, mtoto akisoma kwa sauti. Lakini alipofika miaka kumi na saba, Praygod alichukua sarafu tatu na kumwuzia mzungu aliyeteremka mlimani, akanunua viatu. Baba yake hakumpiga, ila hakuketi naye barazani tena. Alizihamishia sarafu kwenye debe la maharage ya mbegu, ndani ya stoo. Alikuwa na sababu mbili. Ukungu wa Old Moshi huotesha kutu ya kijani kwenye shaba, na maharage makavu yenye majivu hunyonya unyevu. Tena maharage ya mbegu hayapikwi wala hayauzwi, kwa hiyo hakuna mtu angeyagusa. Kila mwaka wakati wa kupanda alijitolea mwenyewe kuyatoa, na Beatrice alifurahi kwamba mumewe anapenda kilimo. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya Sikukuu ya Mavuno, daktari wa macho alimwambia kwamba presha ya macho imeshaharibu mshipa wa jicho la kulia pia. Eliamini aliuliza amebakiwa na muda gani wa kuona.

"Tuhesabu miezi, mzee wangu. Tusihesabu miaka."

Njiani kurudi nyumbani alinunua daftari kubwa lenye jalada gumu na lenzi ya mkononi. Kwa miaka arobaini alikuwa akijiambia kwamba siku moja atazinakili karatasi zote kwenye kitabu. Wino wa zile za kwanza ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya chai. Kwa lenzi, na kwa jua la saa nne asubuhi, aliona anaweza kunakili tano kwa siku. Alingoja tu mvua iishe.

Jumanne baada ya Sikukuu ya Mavuno jua lilitoka. Eliamini aliingia stoo, akapapasa mahali pa debe, akakuta sakafu.

Alipapasa tena. Alishika jembe, pipa la pumba, gunia la chumvi ya ng'ombe. Alipiga magoti akazunguka stoo nzima akigusa ukuta kwa kiganja. Alipotoka nje, Praygod, ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa na kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya watalii, alikuwa uani akifunga mkoba. Wagumu wenzake wawili, kama wabeba mizigo wanavyoitwa, walikuwa wakimsubiri njiani.

"Ziko wapi?" Eliamini aliuliza.

"Shikamoo baba. Nini ziko wapi?"

"Debe la mbegu liko wapi? Safari hii umechukua zote?"

"Baba, mimi debe la maharage nalipeleka wapi? Kileleni?"

Mmoja wa wagumu alicheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu. Eliamini alipaza sauti mpaka majirani wakatoka kwenye migomba yao.

"Mwizi! Ulianza na tatu, sasa umemaliza! Nimezaa mwizi!"

Praygod aliutazama mkoba wake kwa muda. Kisha aliuinua begani. "Aika, baba," alisema kwa Kichagga, yaani asante, akaondoka bila kugeuka.

Beatrice alirudi kutoka sokoni saa nane mchana, akamkuta mumewe amekaa sakafuni mwa stoo.

"Baba Praygod! Umeanguka?"

"Praygod ameiba sarafu zangu. Zilikuwa kwenye debe la mbegu."

Beatrice aliuweka mkungu wa ndizi chini polepole. "Kwenye debe la mbegu," alirudia.

"Ndiyo."

"Lile la majivu."

"Lipo lingine?"

Ndipo alipoanza kulia. Mvua za masika zilikuwa mbaya mwaka huu, kahawa imeangusha maua, ndizi ni nyembamba. Kila nyumba ilipeleka kitu kanisani, na yeye hakuwa na kitu. Aliogopa kupita mbele ya wenzake na mikono mitupu, na alijua mumewe asingekubali mbegu zitolewe. Kwa hiyo alizitoa kimya kimya, akakusudia kununua nyingine mjini kabla ya vuli.

"Ulikuwa umekaa pale pale!" alisema. "Ulipiga makofi!"

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia! Miaka yote hiyo naingia stoo, nafagia, nalizunguka hilo debe. Kwani mimi nani?"

Eliamini aliomba ashikwe mkono ainuke.

Iliwachukua siku mbili kumjua mnunuzi. Aliitwa Pamela. Hupanda milimani misimu ya mavuno na kununua maharage ya makanisani, kisha huyachagua na kuyauza upande wa pili wa mpaka. Simu yake haikupatikana. Ijumaa asubuhi Eliamini na Beatrice walifika Holili, wakaelekezwa kwenye ua wenye mabati, nyuma ya mahali malori yanapopanga foleni. Wanawake wanne walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakichambua maharage. Eliamini alisikia mbegu zikidondoka kwenye ungo. Alisimama akasikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akilisikiliza kopo lake.

"Karibuni," Pamela alisema. "Shikamoo mzee. Mmeleta mzigo?"

"Tumekuja kwa ajili ya debe la Old Moshi," Beatrice alisema. "La majivu."

Mikono yote kwenye mikeka ilisimama.

"Kumbe ni la kwenu," Pamela alisema, akarudi hatua moja nyuma. Sauti yake haikuwa na ukaribisho tena. "Mlikusudia nini? Kitu kile mmekiingiza mpaka kanisani?"

"Kitu gani, mwanangu?"

"Mzee, usiniite mwanangu. Vipakiti zaidi ya mia mbili, vimefichwa kwenye majivu. Kila kimoja kina hela ya zamani na karatasi yenye jina la kijiji na tarehe. Ni tarehe za watu kufa hizo, au za nini? Na kimoja kina jino. Jino la mtoto! Huyu mwenzetu Eliona alilishika kwa mkono wake, siku mbili hakula."

"Tatu," alisema mwanamke mmoja kutoka kwenye mkeka.

"Ni kumbukumbu tu," Eliamini alisema. "Nilifanya kazi kiwandani. Kwenye kahawa. Karatasi ziko wapi?"

"Tulimwita mchungaji. Tukaomba. Karatasi tukazichoma zote, na jino."

"Zote?"

"Mzee, mambo hayo hayaachwi nusu."

Beatrice alimshika mumewe kiwiko.

"Hela zipo," Pamela alisema, sasa kwa sauti ya chini kidogo, maana alikuwa ameuona uso wa Eliamini. "Nani angethubutu kuzitumia? Tulizisugua kwa chumvi na limao na steelwaya, ili zitakasike. Nilitaka kuzirudisha kule kanisani." Aliingia ndani akatoka na beseni dogo la plastiki.

Eliamini aliingiza mkono. Zilikuwa baridi na laini, zote mia mbili na kumi na mbili, hata moja haikupungua. Alizigeuza kwa vidole. Hata kwa jicho lile aliona beseni likimetameta.

"Zimependeza, eti?" Eliona alisema kutoka mkekani, akijaribu kumfariji.

Alimwomba Pamela amwonyeshe mahali palipochomewa karatasi. Palikuwa pembeni mwa ua, kando ya shimo la taka. Mzee wa miaka sitini na saba alipiga magoti, akapekua jivu kwa vidole, kipande kwa kipande, mpaka Pamela naye akainama akamsaidia. Walipata pembe moja ya karatasi isiyoungua. Beatrice aliisoma: "Mvua."

"Mvua ya wapi?" Eliamini aliuliza.

"Imeandikwa mvua tu."

Siku zile alizosubiri Praygod ateremke mlimani, alijaribu kukumbuka mwenyewe. Beatrice alikaa naye na daftari. Alishika sarafu, akaisugua kwa kidole gumba, akaanza: "Hii ni ya Marangu... hapana. Mamba. Ilikuwa mwaka wa... subiri." Zamani aliijua kila moja kwa uchafu wake, kwa doa la kijani ukingoni, kwa weusi uliokaa ndani ya herufi. Sasa zote zilifanana kama punje za mchele. Siku ya tatu alilisukuma beseni, akamwambia Beatrice amtazamie Praygod njiani.

Praygod aliteremka Jumatatu. Alimkuta baba yake amesimama barabarani, mbele ya uzio wa mimea ya masale unaopakana na kihamba chao, yaani shamba la nyumbani, ameshika jani moja la isale lililofungwa fundo. Kila mtu wa mlimani analijua jani hilo. Anayeletewa anaombwa msamaha, na wazee wa zamani hawakuthubutu kulikataa. Lakini mara nyingi ni mtoto anayempelekea baba.

"Baba, unafanya nini hapa na hilo jani? Watu wanatuona."

"Waone. Walisikia nilipokuita mwizi."

Praygod alisimama na mkoba wake begani. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alilipokea jani, akalitazama kana kwamba halijui, kisha akalitia katika mfuko wa shati.

"Mama alinipigia simu nikiwa kambini," alisema. "Zimechomwa kweli?"

"Zote. Praygod, ulizisoma tangu ukiwa mdogo. Nakuomba."

Walikaa barazani, mahali pao pa zamani, beseni likiwa kati yao. Beatrice aliwaletea chai ya maziwa. Praygod alichagua kwanza sarafu zenye alama ambayo steelwaya haikuweza kuiondoa. Alianza na senti kumi iliyopinda.

"Mwika. Tarehe kumi na mbili Januari, themanini na sita. Imetoka na msumari na jino la mtoto."

Eliamini alifumba macho. "Andika."

Akaja na shilingi iliyotobolewa karibu na kichwa cha mfalme. "Kilema. Tarehe sita Novemba, themanini na tatu. Mvua tangu asubuhi." Ile yenye pengo ukingoni ilikuwa ya Old Moshi, iliyotoka na kipande cha uzi. Alitaja na kuandika, akataja na kuandika. Mwanzoni alisitasita, alikuna kichwa, alirudisha sarafu na kuichukua tena. Kisha akaanza kwenda haraka. Uru. Kibosho. Mkuu. Eliamini aliinama mbele, kinywa wazi, kama mtu anayelishwa. Beatrice aliacha kufua akaja kusimama mlangoni.

"Usseri," Praygod alisema. "Tarehe tatu Machi, elfu mbili na kumi na moja. Upepo."

Aliandika. Baba yake hakusema andika.

"Rudia mwaka," Eliamini alisema.

"Elfu mbili na... kumi na moja."

"Mwaka huo nilikuwa hapa nyumbani nakamua ng'ombe. Nilikuwa nimestaafu miaka miwili."

Kalamu ilisimama.

"Tangu ya ngapi, Praygod?"

"Baba, nilikuona unavyo..."

"Tangu ya ngapi unabuni?"

Praygod alipitisha kidole kwenye mistari kuelekea juu. "Tangu ya ishirini."

"Na ya kumi na tisa?"

"Ya kweli. Nadhani."

"Unadhani au unajua?"

Praygod aliutazama tena mstari wa kumi na tisa. "Nadhani."

"Basi ni kumi na nane. Zinazobaki zikate."

"Baba Praygod," Beatrice alisema kutoka mlangoni, "muache mtoto aandike. Nani atakuja kuuliza? Ziwe na vijiji vyake, upumzike."

"Nitajua mimi," Eliamini alisema. "Nitakaa kwenye giza na orodha ya uongo? Hizi sikuziokota ili nijaze daftari. Kata."

Praygod aliweka rula, akapiga mstari juu ya kila neno alilolibuni. Machozi yalimdondokea kwenye karatasi, akayafuta kwa mkono wa shati, na jani la isale likachungulia mfukoni.

"Sasa anza ya kumi na tisa," baba yake alisema. "Andika ni sarafu gani na ya mwaka gani. Hayo hawakuyasugua yakaisha. Mahali ilikotoka, andika haijulikani."

"Zote mia moja tisini na nne? Si niandike mara moja tu, niseme na nyingine zote?"

"Hapana. Kila moja mstari wake. Na kabla hujaandika, nipe niishike."

Praygod alichukua sarafu kutoka kwenye beseni, akaitia katika kiganja cha baba yake. Eliamini aliipapasa pande zote mbili, akaisikiliza kwa kuigonga kwa ukucha, akangoja. Hakuna kilichokuja. Akairudisha.

"Senti kumi, ya tundu, elfu moja mia tisa arobaini na mbili," Praygod alisoma. "Haijulikani."

"Nyingine."

"Heller, elfu moja mia tisa na kumi."

Eliamini aliishikilia ile heller kwa muda mrefu kuliko zote, akipitisha kidole mahali palipokuwa na taji, mpaka Praygod akauliza kama ameikumbuka. Eliamini alitikisa kichwa, akanyoosha mkono kuelekea kwenye beseni.